Kidole cha Zeinabu Shambani

Zeinabu binti Fadlalla alikuwa haogopi mtu. Kibra nzima walilijua hilo, kwa kuwa mwenyewe aliwaambia. Haogopi mtu, ila mwenye bunduki, mwenye mbwa, na marehemu mama mkwe wake, Mungu amrehemu na amweke huko huko.

Asubuhi ile walikuja wenye bunduki na wenye mbwa kwa pamoja. Mama mkwe tu ndiye aliyekosekana.

Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, Waingereza wakiwasaka waasi wa Kikuyu. Wakikuyu walikuwa wakikusanywa Nairobi nzima, wakipakiwa kwenye malori na kupelekwa kambi za waya. Firimbi zilianzia chini, upande wa kitongoji cha Lindi. Zeinabu akaingia ndani mbio, akamkuta Wangoi amesimama na ndoo mkononi, hajui aiweke wapi.

Wangoi alikuwa Mkikuyu wa Kawangware. Mumewe alichukuliwa, nyumba ikabomolewa, naye akakimbilia kwa huyu mjane wa Kinubi, ambaye yeye Wangoi alikuwa akimlimia shamba. Zeinabu akamfunga gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi, akamtia hina, akampa jina la Kaltuma. Majirani waliona, wakanyamaza. Lugha tu ndiyo iliyokataa kuvalika.

"Una jino linalouma," Zeinabu alinong'ona, akimfunga kitambaa shavuni. "Usifungue mdomo hata ukikanyagwa."

"Na shamba, mama?"

"Shamba lina mdomo?"

Lilikuwa nao, tena mkubwa. Majirani walipanda mahindi peke yake, mistari imenyooka kama gwaride, maana waume zao walikuwa wanajeshi. La Zeinabu lilipandwa kwa desturi ya kwao Wangoi. Mahindi kwanza, yalipofika magotini, maharagwe yakatiwa miguuni pake, yakapanda yakijisokota kwenye mabua. Chini yakatambaa malenge, majani mapana yakifunika udongo, magugu yakose jua. Lilistawi kuyashinda yote, na Zeinabu alikuwa amelisifia hadi kisimani. Sasa alilitazama akatamani mbuzi wa Kibra nzima waje walimalize.

Askari mmoja akaingia uani, kijana mrefu, kofia imeshuka machoni. Afisa wake mzungu alibaki barabarani na mbwa, karibu na lori. Ndani ya lori kulikuwa na mtu akikohoa.

"Naitwa Mutiso, mama. Mtu wa Machakos. Huyu nani?"

"Kaltuma, baba. Mjukuu wa dada yangu, katoka kwa Wanubi wa Bombo, Uganda. Ana jino. Usimsemeshe, atakulilia."

"Bombo?"

"Bombo yenyewe."

Wangoi aliinamisha kichwa. Shingoni mshipa ulimpiga hadi Zeinabu akaogopa kwamba unasikika.

Askari akaingia katikati ya mahindi. Akashika mharagwe, akaufuata kwa vidole mpaka chini, polepole, kama mtu apapasaye nguo ya nduguye.

"Nani kapanda hivi?"

"Mimi."

"Maharagwe uliyapanda lini?"

"Siku moja na mahindi," Zeinabu alijibu upesi.

Askari akageuka. "Siku moja? Yangepanda juu ya nini, mama? Juu ya hewa?"

Akilini Zeinabu alimwona Wangoi tayari yuko loriani, gurbaba imevutwa, hina mikononi. Akafanya alilolizoea alipobanwa: akaongea.

"Wewe kijana wa watu umechoka, na bwana wako ana njaa. Chukua lenge. Lile pale limekomaa. Hili bado kidogo. Usichukue lile changa, lile dogo kule," akanyoosha kidole, "lenye ua bado..."

"Kunja kidole!"

Sauti mbili zilipiga kelele pamoja, ya mwanamke na ya mwanamume, kwa neno lile lile, kwa Kikuyu kile kile cha watu waliofundishwa na mama zao kwamba lenge changa likinyooshewa kidole huoza.

Kitambaa kilimwanguka Wangoi shavuni. Askari alikuwa ameushika mkono wa Zeinabu, ameukunja ngumi ndani ya ngumi yake.

Akauachia, akashika bunduki. Bunduki ilitetemeka. Hapo ndipo Zeinabu alipoogopa kuliko mwanzo, kwani mwenye bunduki akiwa na woga, nani atamtuliza?

"Mutiso!" afisa aliita toka barabarani. "Kuna mtu huko?"

Askari alimtazama Wangoi. Wangoi alimtazama askari. Mbwa akabweka.

"Wanubi watupu, bwana!" Sauti ilimkatika katikati, akakohoa kuificha.

Buti za afisa zikasogea kuelekea nyumba ya pili. Ulimi wa Zeinabu haukujua kupumzika.

"Kwa hiyo, baba, wewe ni Mkamba."

"Mkamba, mama," alisema chinichini, jasho likimshuka toka kofiani. "Mkamba wa Machakos. Baba yangu, babu yangu, wote."

"Mashallah. Nami napenda sana Kikamba. Hebu niambie, lenge mnaliitaje kwenu?"

Kijana akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akageuka kumtazama Wangoi, kama mwanafunzi anayengoja jirani yake amnong'oneze jibu.