Mguu wa Bibi Bata

"Rudisha nyuma," dada yake alisema. "Hapo hapo. Cheza tena."

Fundi Mwendo akarudisha. Kwenye skrini, Bibi Bata akatoka tena mlangoni kwake, kitambaa kichwani na kikapu kwenye bawa: hatua moja nzima, hatua moja ya kuvuta, bega likishuka, halafu kile kituo kidogo kabla ya kuinuka tena, kama mtu aliyekumbuka jambo njiani. Dada yake alikuwa amepita studio mara moja tu, kuchukua kadi za mwaliko wa onyesho la Jumamosi, akaiona picha akavuta kiti. Mara ya kwanza alicheka mpaka akajifuta macho. Mara hii hakucheka.

"Huyu ni mama," alisema.

"Mama gani?"

"Wetu. Kwani tunao wangapi?"

Fundi Mwendo akaisimamisha picha.

Pale studio kila mtu alikuwa na fungu lake. Mmoja alitengeneza maji, mwingine moto na moshi, mwingine alishinda wiki nzima akipanga manyoya. Yeye alipewa miguu. Viumbe waliletwa kwake wamesimama wima kama misumari, naye akawafundisha kutembea, picha ishirini na nne kwa kila sekunde, unyayo ukisogea kidogo katika kila picha. Kando ya meza yake kulikuwa na kioo kirefu cha kujitazama, kwa sababu kila mwendo aliujaribu kwanza kwa mwili wake. Wenzake walishamwona akiwa mbuzi, akiwa mlevi, akiwa bibi harusi aliyebanwa na viatu, na hakuna aliyegeuza shingo tena. Ndipo wakamwita Fundi Mwendo, na jina likamkaa.

Kwa kawaida mwendo mmoja ulimla wiki ya kuhema na kufuta. Wa Bibi Bata ulimtoka asubuhi moja. Alisimama mbele ya kioo, akavuta mguu, na mwili ukawa unajua tayari. Mwongozaji wa filamu alipouona alipiga makofi, akasema watoto watavunjika mbavu. Na yeye, mjinga wa watu, akajibu kwamba ameubuni mwenyewe.

"Naapa sikujua," alimwambia dada yake.

"Sikusema ulijua. Ila mama ameshashona gauni la Jumamosi, na jirani zake wote ameshawatangazia. Atakaa pale mbele, ukumbi mzima unamcheka, na aliyemweka pale ni wewe." Alitia kadi mkobani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie kabla hajajiona."

Alipobaki peke yake, Fundi Mwendo aliicheza ile picha mara kumi, labda zaidi. Mara alimwona mama yake waziwazi, mara aliona bata tu. Je, alikuwa amemdhihaki? Mtu anaweza kumdhihaki mama yake bila kujua? Au alikuwa anampenda, na mapenzi ndiyo yaliyotoka yamevaa manyoya? Hakuweza kujijibu, na hilo lilimtisha kuliko kosa lenyewe. Akainuka, akaenda kwa mwongozaji.

"Nataka kubadilisha mwendo wa Bibi Bata."

Mwongozaji alivua miwani. "Filamu inatoka mikononi mwetu kesho kutwa. Na huo mwendo ndio bata mwenyewe, ukiuondoa tunabaki na manyoya. Una sababu gani?"

Fundi Mwendo aliitafuta sababu inayosemeka mbele ya watu. "Mguu haujakaa sawa."

"Umekaa sawa kuliko yangu," mwongozaji alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Basi mchana ule ule akatia kompyuta mpakato begani, akaenda kwa mama. Njia nzima alipanga maneno, na kila alipoyapanga yalipangukia kwingine. Alipofika alimkuta ameketi karibu na dirisha, gauni la bluu magotini, anamalizia pindo kwa mkono kwa sababu, alisema, fundi cherehani wa siku hizi anashona kama anafukuzwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekupwaya? Umefukuzwa kazi?"

"Hapana. Kuna kitu nataka ukione kabla ya watu."

Mama aliweka sindano, akatafuta miwani, akaipata kichwani kwake. Kisha akamtazama Bibi Bata akitoka nyumbani kwake, akivuka uwanja, akimkaripia jogoo. Alicheka. Kicheko kikapungua, kikaisha. Akaomba irudiwe, na iliporudiwa aliisogelea skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu pale.

"Ndiye mimi, huyu?"

"Sijui, mama." Na ndiyo ilikuwa kweli yote aliyokuwa nayo. "Sikukusudia. Mwili ulijiendea wenyewe. Dada ndiye aliyeniambia ni wewe."

"Umemtengeneza wewe, na hujui ni nani?"

Aliona aibu, na alitamani mama amgombeze moja kwa moja ili ajue amesimama wapi. Mama hakumgombeza. Aliweka kidole kwenye skrini, juu ya unyayo wa manjano.

"Si mimi," alisema. "Mguu wangu mbovu ni wa kushoto. Huyu anavuta wa kulia."

Fundi Mwendo alitazama bata, kisha akatazama miguu ya mama chini ya gauni la bluu, akarudi kwa bata. Ni kweli. Alipaswa kupumua, maana kesi ilikuwa imefutwa na mwenye kesi mwenyewe. Badala yake alizidi kuchanganyikiwa. Mtu ambaye kazi yake ni miguu, aliyekula na kulala katika nyumba ya mguu huo tangu azaliwe, alikuwa hajui ni upi.

"Miaka yote hiyo," mama alisema, na haikujulikana kama anatania au ameumia.

"Mama, hebu nifanyie jambo moja. Nenda mpaka mlango wa jikoni, halafu uje."

"Sasa mimi ndiye bata."

"Tafadhali, mama."

Alikwenda huku akinung'unika. Fundi Mwendo aliinama kutafuta kalamu, alipoinua kichwa mama alishageuka, anakuja. Hatua nzima, hatua ya kuvuta, bega, kituo. Na ule mguu mbovu, wa kushoto kwa mama, ulikuwa upande wa mkono wake wa kulia yeye aliyeketi akimtazama. Ndivyo alivyousimamisha kwenye kile kioo cha studio: upande ule ule aliouona, ambao kiooni ulikuwa mguu wake mwenyewe wa kulia. Utotoni, kwenye lango la shule, ulikuwa pale. Kwenye ukumbi wa hospitali, alipolazwa yeye na homa, aliutambua kwa mbali kabla ya uso, na ulikuwa pale pale.

"Ulikuwa unakuja," alisema.

"Nilikuwa nakuja wapi?"

"Kwangu. Kila nikikukumbuka, unakuja kwangu. Sijawahi kukutazama ukienda."

Mama alisimama katikati ya chumba. Akaokota gauni lake na kulikung'uta ingawa halikuwa na vumbi.

"Kuhamisha mguu ni kazi ya siku moja," alimwambia mama, maneno yakimtoka haraka. "Naweza kuwahi. Nikiuhamisha, atakuwa wewe kabisa. Nikimwacha, ni bata tu, hakuna atakayejua. Unataka nini?"

"Mimi nataka uzi wa bluu. Huu umeisha."

"Mama. Watacheka."

"Nimewasikia wakicheka tangu kabla hujazaliwa, na hawakuwa wamelipa kiingilio." Alikunja gauni mkononi. "Hiyo Jumamosi unitafutie kiti cha pembeni, karibu na njia. Huu mguu unataka kunyooshwa."

Akageuka kwenda chumbani kuutafuta uzi. Fundi Mwendo akabaki anamtazama mgongoni. Ulikuwa mwendo mwingine kabisa. Kile kituo, ambacho kwa mbele kilionekana kama mtu anayekumbuka jambo, kwa nyuma kilikuwa kisigino kinachotetemeka kabla ya kukubali kukanyaga. Akaanza kuhesabu picha, kama alivyohesabu kila siku: moja, mbili, tatu. Katika ya kumi na moja mama alinyoosha mkono akashika mwimo wa mlango, akauegemea kidogo, na mkono huo yeye hakuwa ameuchora popote. Hesabu ikampotea.