Siku ya Thelathini na Tatu

Watu walipokuwa wakimshangilia, mimi nilikuwa natazama mikono yake. Meli kutoka Levanti, pwani za mashariki zenye tauni, ilikuwa imepasuka mwambani mbele ya kuta za Dubrovnik, na yule mtu wa joho jekundu, uso kaufunika, aliruka angani akiwabeba mabaharia wawili wawili hadi ufukwe wa karantini. Wanawake walilia kwa furaha. Baharia mmoja alikuwa na uvimbe shingoni, alama ya tauni. Shujaa wao alimkumbatia, akamshusha, kisha akapaa na kutokomea. Katokomea wapi? Hilo ndilo lililonikosesha raha.

Mimi Marojica ni mkaguzi wa afya. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna mtu wala kitu kutoka penye tauni kinachoingia mjini kabla ya siku arobaini. Simwamini mtu, na sioni haya kusema hivyo. Mke wangu aliuawa na kitambaa cha hariri kilichopenyezwa siku mbili tu kabla ya wakati wake. Siku mbili! Tangu hapo, nikisikia kuna mtu awezaye kuruka ukuta, siulizi kamwokoa nani. Nauliza kaleta nini.

Nikaanza kuchunguza. Mwenye nguvu zile lazima awe na jina na majirani, na akikosekana lazima mtu aone pengo. Pengo nililiona kwa mwoka mikate wa karibu na lango la mashariki, Pasko, mtu mpole hata kuku wanamwonea. Alikuwa haonekani tangu siku ya ile meli. Mkewe aliniambia kaenda Cavtat, mji wa jirani, kumuuguza mama yake. Nikaenda Cavtat. Mama mtu nilimkuta juu ya ngazi akichuma zeituni, mzima wa afya, akanicheka: mwanawe hajamwona tangu Pasaka. Wakati wa kurudi kwa mashua nikaona kitu chekundu kimeanikwa kisiwani Mrkan, mahali pasipokaa mtu. Nilivuta makasia huku nikijisemea, leo umepatikana, mnafiki we.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, ndevu zimemwota, mbavu zinahesabika. Aliniinulia mkono.

"Usishuke, bwana mkaguzi. Tuzungumze ukiwa humo humo mashuani."

Nikamuuliza kwa nini anajificha. Akasema hajifichi, kila akimgusa mgonjwa huja hapa kukaa siku arobaini, na leo ilikuwa ya thelathini na tatu. Hakuna aliyempangia. Nikamuuliza, basi ule ukuta anaouruka kila siku?

"Nauruka nikiwa safi," akasema.

Nilimtafuta uongo usoni kama nitafutavyo viroboto kwenye manyoya ya wafanyabiashara. Sikuuona. Nikaona aibu, kisha nikakasirika kwa kuona aibu.

Ghafla akatazama nyuma yangu, na uso ukambadilika. Niligeuka. Juu ya mji palikuwa na moshi mweusi. Mimi niliona moshi tu, lakini macho yake yaliona mbali kuliko yangu.

"Duka la mishumaa, mtaa wa Prijeko," akasema. "Ghorofa ya juu kuna mwanamke dirishani. Ni mjamzito."

Alikuwa Jela, binti yangu, aliyekaa juu ya duka hilo. Mkunga alikuwa amemkataza hata kushuka kitandani.

Pasko alivaa joho, lakini hakuruka. Ukuta haukumweza, bahari haikumweza, na bado alisimama pale akinisubiri mimi. Nilimkumbuka mke wangu, nikaukumbuka mji mzima na watoto wake.

"Leo ni siku ya arobaini," nikasema.

"Ya thelathini na tatu, bwana. Nimehesabu."

"Mkaguzi hapa ni nani?"

Alinitazama kwa huruma nisiyoipenda. Kisha upepo ukaiyumbisha mashua yangu, na kisiwa kikawa kitupu.

Jela aliokolewa, na wiki haikwisha akajifungua mtoto wa kike. Nyumba ilijaa watu, divai na nyimbo za kumsifu mwenye joho jekundu. Waliponipa mjukuu nimpakate, nilimsogeza penye mwanga, nikampapasa shingo, kisha kwapa moja, kisha la pili.

"Baba, unatafuta nini?" Jela akauliza.

Nikamwambia naangalia amefanana na nani.