Kimya Hadi Saa Sita

Hapa Brussels sisi wanadiplomasia tuna mtindo wetu wa kukubaliana: tunanyamaza. Tamko la mkutano wa Asia na Ulaya hutumwa kwa wajumbe wote, na ikifika saa sita mchana hakuna aliyepinga, limepita. Mmoja akipinga hata neno, lote linafunguliwa upya.

Safari hii mwandishi wa tamko nilikuwa mimi. Aya moja ilimtaja kwa jina Zeya, mwalimu aliyehukumiwa kunyongwa nchini kwao, na kuomba asamehewe. Mkewe, Thiri, alikuwa akinisubiri kwenye mkahawa wa chini. Mjumbe wa serikali iliyomfunga alishaahidi kufumba macho.

"Siwezi kuiunga mkono," aliniambia kwenye korido, "ila sitaisoma vizuri pia. Mradi msinichokoze."

Saa tano na nusu pingamizi likaingia. Halikutoka kwake. Lilitoka kwa Henrik, rafiki yetu, mjumbe wa kaskazini mwa Ulaya, mtu mwenye moyo safi na mdomo usiotulia. Alitaka "tunasikitishwa" liwe "tunalaani vikali".

Nilimpigia simu. "Henrik, nani kakutuma?"

"Aya yako imelegea, Annelies. Inanuka woga."

"Liondoe hilo pingamizi. Nakuomba."

"Bungeni kwetu watanicheka. Wewe tulia, niachie mimi."

Mshika mbili moja humponyoka, na huyu alishika mbili, sifa za bungeni kwao na uhai wa Zeya, kwa mikono ya watu wengine. Tuliporudi mezani, yule mjumbe hakuweza tena kujifanya haoni. Alipigiwa simu kutoka kwao, akarudi amenuna, akasema aya yote itoke au yeye atoke. Wenyeji walitaka picha ya pamoja kabla ya chakula. Aya ikatoka. Henrik alitoa hotuba kali ya kupinga, wakampigia makofi, na mimi nilimchukia kuliko nilivyowachukia wale waliomfunga Zeya.

Nikashuka. Thiri alisimama aliponiona.

"Dada, jina lake limo?"

"Halimo."

"Wale wa kwetu wamekataa?"

"Mwanzo walikuwa wamenyamaza. Rafiki yetu mmoja ndiye aliyetaka tuwakemee zaidi, basi wakazinduka."

Alikaa polepole, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo tungekuwa na rafiki mmoja pungufu, Zeya angepona?"

"Nadhani angepona," nilimwambia.

Walimnyonga Ijumaa alfajiri.