Mlio Alioujua Samha

Nianze na lile gari, kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia habari hii huanza na boza, lile lori la maji, na boza halikuwa na kosa lolote.

Lilikuwa pikapu la Landkruza, la mwaka aliozaliwa binti yangu Rayya. Lilipotoka dukani lilikuwa gari kama magari mengine. Mimi ndiye niliyelifanya likawa lile. Nililinyanyua kwa springi za lori ili lisilale mchangani, nikaliongezea tangi la pili la dizeli, nikafunga pipa la maji nyuma pamoja na mpira wake. Ekzosi ilipotoboka, fundi Akramu wa mji wa Sanaw aliikata akaunga kipande cha bomba la kisima, na tangu siku hiyo gari likaacha kunguruma, likawa linakohoa: mara mbili, linavuta pumzi, mara mbili tena. Honi niliing'oa kwenye basi bovu. Mtu angeweza kuwa amelala ndani na milango imefungwa, akajua kwamba Huweshil anapita. Huweshil ndiye mimi.

Kila alasiri nilitoka nalo kuwafuata ngamia. Nina ngamia sita, nao hushinda huko mbali wakijitafutia. Nilikuwa nikifika kwenye matuta ya mwanzo, kabla hata sijagusa honi, namwona Samha, jike kiongozi wao, anakuja mbio, shingo mbele, na wenzake nyuma yake. Nawapa maji na dagaa wakavu, maana ngamia wa kwetu hula dagaa, kisha nageuza gari, nao wananifuata mpaka nyumbani. Na mke wangu Mauza, akisikia kile kikohozi, alitoka na bakuli la kukamulia. Kwetu mwanamke hakamui ngamia, lakini bakuli lilikuwa lake, na halikuchelewa hata siku moja. Nashuka garini nalikuta mkononi mwake, limeoshwa, bado lina matone ya maji.

Samha alikuwa ni wa kizazi cha ngamia wa marehemu mama yangu. Mama aliniwekea kamba yake mkononi siku tatu kabla hajafa, akaniambia, "Huyu huuzi na humpi mtu." Sikumuuza wala sikumpa mtu. Mimi si mtu wa kusema maneno matamu, hata na wanangu, lakini yule ngamia nilikuwa nikizungumza naye. Mauza alinicheka. Alisema mimi Samha namwambia habari za shinikizo la damu, na yeye mke anazisikia kwa daktari.

Sasa fedheha yangu ilinipata Mahut, kwenye harusi ya mtoto wa shemeji. Tunatoka pale, watu wote wamesimama nje na nguo zao nyeupe, gari likakataa kuwaka. Wanaume wanne wakalisukuma, na kwa kuwa ilikuwa harusi, wakalisukuma wakiimba. Lilipowaka likatoa moshi mweusi mpaka kwenye kanzu ya kadhi.

"Huweshil, lipe dawa ya kifua hilo," mmoja akasema.

"Mwacheni," akasema mwingine, "anaogopa akinunua jipya ngamia watamwamkia shikamoo kama mgeni."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini njia nzima sikumsemesha Mauza, na yeye alikuwa hana hili wala lile. Rayya alikuwa ameshaposwa. Watu wa upande wa mume wangekuja kututembelea rasmi Alhamisi ya mwisho wa mwezi, watu wa mjini, wanaokaa Ibra. Nikajiona nawapokea na lile gari linalokohoa. Wiki ile ile nikaenda nikachukua jingine, jeupe, la milango minne, lina miaka miwili tu, gia zinajibadilisha zenyewe. Ukiliwasha inabidi utazame taa za mbele yako ujue kama limewaka. La zamani nikamwachia kwa bei ya kindugu Luweti, mtoto wa ami yangu, ambaye hubeba samaki kutoka pwani kupeleka Sanaw na alikuwa analitamani kwa miaka.

Mauza alilizunguka lile jipya, akalipigapiga bodi kwa kiganja.

"Zuri," akasema. "Na Samha je?"

"Samha ni ngamia, si fundi magari."

"Mimi nimeuliza tu, baba Rayya."

"Atazoea."

Hakuzoea. Alasiri ya kwanza nilifika kwenye matuta, nikapiga honi, ile honi mpya yenye sauti ya adabu. Samha alinyanyua kichwa, akalitazama gari, akarudi kwenye majani yake. Nilishuka nikamwita. Sauti yangu aliijua, akaja, lakini akasimama mbali na gari, hakutaka kulikaribia. Ikabidi nimtie kamba nimwongoze kwa miguu, na mchanga unaniingia viatuni, halafu nirudi kwa miguu tena kulichukua gari. Nilipofika nyumbani Mauza alikuwa ndani anakunja nguo. Hakuwa amesikia chochote. Bakuli nililifuata mwenyewe jikoni.

Siku kumi nilikwenda hivyo. Kila siku nilijiambia kesho atazoea, na kila siku nililisifu gari mbele ya watu zaidi ya jana.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. Luweti.

"Binamu, ngamia wako yuko nami."

"Yupi?"

"Yupi mwingine? Huyu bibi yako. Nimepita barabarani na samaki, nikamwona kwenye kioo anakuja nyuma, na ndama wake nyuma yake. Nimeongeza mwendo, naye ameongeza. Nimeshika njia ya mchanga nimemrudisha mpaka upande wenu. Njoo umchukue."

Nilikwenda nikamchukua. Nikamfunga pingu za miguu ya mbele, zile za kamba, ili asiweze kwenda mbali. Siku ya pili yake Luweti akapiga tena: amejikokota hivyo hivyo na pingu zake mpaka ukingo wa lami, amesimama anasubiri apite.

"Huweshil, nisikilize," akasema. Luweti ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakufanya mzaha. "Mimi sitaki damu ya mnyama huyu shingoni mwangu. Barabara hii ina malori. Njoo uchukue gari lako, nirudishie pesa zangu, tusahau."

"Nirudi kwenye hilo linalokohoa wiki hii? Wageni wanakuja Alhamisi."

"Wageni wanakuja kumwona Rayya au kuona gari?"

"Wewe hujui watu wa Ibra."

"Simjui mtu wa Ibra. Namjua Samha."

"Siku nne tu," nikamwambia. "Ijumaa asubuhi nakuja mwenyewe turudishiane."

Akasema, "Haya. Lakini basi mtie zizini, usimwachie."

Nilimtia zizini. Nasema hivi kwa sababu watu wengine wanadhani sikufanya lolote. Nilimtia zizini Jumatatu, nikamtia Jumanne, nikamletea majani mkononi. Alikuwa akiunguruma usiku na mchana, hajazoea kufungiwa. Jumatano asubuhi nikamfungulia mlango anywe maji kwenye birika la nje. Nilikuwa nimeahidi kulipeleka gari Sanaw likaoshwe ndani na nje na kufukizwa udi, maana kesho yake wageni wanaingia. Nikasimama nikimwangalia Samha anakunywa polepole, kama kawaida yake, anakunywa na kutazama, anakunywa na kutazama. Nikaona jua linapanda. Nikasema amalize, Mauza atamrudisha. Mauza sikumwambia. Niliingia garini nikaenda kuosha gari.

Hilo ndilo nililolifanya. Nimelizungusha kichwani kwa kila upande, na halina upande mzuri.

Nilikuwa narudi kutoka Sanaw, alasiri, gari linanukia, nimeweka kitambaa kipya juu ya viti. Luweti akapiga simu. Hakunisalimu.

"Njoo barabarani, karibu na kibao cha njia ya Ghaba. Njoo na kisu."

Niliwakuta ukingoni mwa lami. Boza la maji lilikuwa limesimama mbele kidogo, taa ya upande mmoja imevunjika, na dereva wake, Mhindi mtu mzima wa Kerala, amekaa chini kwenye kivuli cha gurudumu, mikono kichwani. Alinyanyuka aliponiona akaanza kuomba radhi. Nikamwambia akae, hana kosa. Luweti alikuwa amepita na samaki, Samha akatoka nyuma ya matuta kumfuata, na boza lilikuwa nyuma ya Luweti. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Lile gari langu la zamani lilikuwa limeegeshwa mchangani, kimya.

Samha alikuwa amelala upande. Miguu ya nyuma yote miwili ilikuwa imevunjika juu ya goti, na mifupa ilionekana. Ndama alikuwa amesimama kando yake anamsukuma kwa pua. Nilisimamisha gari hatua ishirini kutoka pale. Samha hakugeuza kichwa. Nilikuwa nimekwenda kasi umbali wote ule nikidhani ataona nimekuja, na kwake lilikuwa gari tu, jingine katika magari ya barabarani.

Nilipiga magoti nikamshika shavu. Nikamwita. Macho yake yalikuwa wazi na alikuwa anahema kwa nguvu. Sijui kama alinitambua. Napenda kusema alinitambua, lakini sijui.

"Binamu," Luweti akasema, "usimcheleweshe."

"Washa gari."

"Nini?"

"Washa gari, Luweti."

Alikwenda akaliwasha. Likakataa mara ya kwanza, likawaka ya pili. Likakohoa mara mbili, likavuta pumzi, likakohoa mara mbili. Na masikio ya Samha yakasimama. Alinyanyua shingo yake yote kutoka mchangani, akakaza miguu ya mbele, akataka kusimama. Nilimlalia kwa kifua changu nikimwambia basi, basi mama, basi. Luweti akapiga kelele akiuliza alizime au afanyeje. Nikamwambia liache liwake.

Nikamwelekeza kibla, nikataja jina la Mwenyezi Mungu, nikamchinja mwenyewe, na gari likikohoa nyuma yetu. Kisha nikapangusa kisu kwenye kanzu niliyoivaa kwa ajili ya Sanaw.

Nilikaa pale sijui muda gani. Luweti alikuja akachuchumaa karibu yangu, harufu ya samaki mwili mzima.

"Bora nisingepita njia hii," akasema. "Ningezunguka kwa njia ya Haima."

"Uzunguke Haima na samaki? Wangefika wameoza."

"Wangeoza."

"Uliniambia, Luweti. Mara mbili."

Ningependa angenitukana hata kidogo.

Ndama ndiye aliyetunyanyua. Jua lilikuwa linashuka, na malori yalikuwa yanaongezeka, naye alikuwa haondoki. Tulimvuta kwa kamba, akakaza miguu. Tulimsukuma, akalala chini. Mara Luweti alipoliondoa gari kidogo ili kulipisha lori lililokuja kumbeba Samha, ndama akageuka. Gari likasogea, naye akasogea. Tukatazamana. Luweti akashuka akaniachia mlango wazi, akanyoosha mkono nimpe ufunguo wa lile jeupe.

Sikuwa nimekaa kwenye kile kiti wiki mbili. Alikuwa hajabadilisha kitu, hata tasbihi yangu ya plastiki ilikuwa pale pale kwenye kioo. Klachi ilikuwa ngumu kama nilivyoiacha. Nilikwenda gia ya kwanza, kilomita kumi na mbili, mkono nje ya dirisha, nikimtazama ndama kwenye kioo. Alikuwa anafuata. Akichoka nasimama, akisogea nasogea. Luweti alikuja nyuma yetu na gari jeupe, taa zimewashwa, kimya. Tulipita mbele ya sebule ya wazee, wanapobarizi wanaume wa kwetu, wale wale walioimba Mahut. Walisimama wote. Na hilo nalo lilinichoma. Ningeweza kuuvumilia mzaha wao.

Nililipanda lile tuta la mwisho, nyumba ikaonekana. Gari lilikohoa juu pale kama lilivyozoea, sauti ikatangulia kushuka bondeni. Mlango wa jikoni ukafunguka.

Mauza alitoka anafuta mkono kwenye nguo yake, anatembea haraka, karibu akimbie, na uso wake una furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ile ya harusi. Alidhani nimelirudisha gari kabla ya wageni. Alidhani nimepata akili. Na mkononi alikuwa na bakuli, limeoshwa.

Akafika mlangoni mwa gari, akanipa bakuli dirishani, halafu akachungulia nyuma, akaona ndama peke yake. Akaangalia tena, mbali zaidi, kule juu ya tuta.

Nililipokea bakuli. Lilikuwa na matone ya maji. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye klachi na injini inakohoa, na sikutaka kuizima, maana nikiizima ingenibidi nimjibu.