Salamu Iliyomliza Mgeni

Kwetu Xi'an mtu hakuulizi kama u mzima. Anakuuliza umekula. Nawe hata kama tumbo linanguruma unajibu nimekula, kila mtu anakwenda zake. Kwa hiyo nilipowaona Wazungu watatu wamesimama mlangoni pa mkahawa wa shemeji yangu, baba, mama na binti wa miaka kama tisa, niliwasalimu kama ninavyomsalimu yeyote.

"Mmekula?"

Yule mama aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona akaanza kulia.

Shemeji yangu Bai Dexing, mdogo wa marehemu mume wangu, alichungulia kutoka jikoni, upawa mkononi. "Shemeji, umewatukana?"

"Nimewasalimu."

"Salamu gani inayoliza watu? Na wateja wenyewe leo wa kutafuta kwa tochi!"

Mama alijifuta machozi. Lugha yetu alikuwa ameisoma darasani, kila neno limesimama peke yake, lakini alieleweka. Yeye Birgitte, mumewe Jesper, mtoto Signe, kwao Denmark. Tangu watue China mtoto hataki kula. Maziwa kidogo na maji, basi.

"Na kila mtu ananiuliza," alisema. "Bawabu wa hoteli, mmekula? Mfagiaji, mmekula? Mlinzi kule juu ya ukuta wa mji, mmekula? Wanaona alivyokonda. Mji mzima unanisema, shangazi."

Kicheko kilinijia, nikamwogopa Mungu nikakimeza. "Mwanangu, hakuna anayekusema. Hiyo ndiyo hujambo yetu."

Akamgeukia mumewe, akamweleza. Mumewe hakuketi. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: anakwenda mlangoni, anatazama saa, anapiga picha dari, anarudi. Jioni walikuwa na treni ya kwenda Chengdu kuwaona panda, na kabla ya treni alitaka Mnara wa Ngoma na Mnara wa Kengele. Birgitte naye alikwisha kuapa: ikipita leo mtoto hajatia kitu mdomoni, hakuna panda, kesho anamrudisha kwao. Walibishana kwa lugha yao, ila ugomvi wa mume na mke hauhitaji mkalimani.

Nikawawekea mkate mgumu, kila mmoja na bakuli lake. Kwetu mlaji humega mwenyewe, vipande vidogo kama kunde, ndipo jikoni wavipike kwenye supu ya kondoo. Jesper aliukata wake mapande manne akanisukumia bakuli. Halikukaa jikoni. Bai alilirudisha mwenyewe.

"Huyu anataka supu au anajenga nyumba? Mwambie matofali sipiki."

Birgitte alipotafsiri alicheka, mara ya kwanza tangu waingie. Mumewe akawa mwekundu hadi masikioni.

Signe alikuwa akimega taratibu, kama anayewaandalia vifaranga. Mikono ilifanya kazi, mdomo umefungwa. Nilipokaa karibu naye akamnong'oneza mama yake.

"Anauliza, shangazi, wewe umekula?"

Ilikuwa Jumatatu, nami tangu nifiwe hufunga Jumatatu. Siku zote nikiulizwa husema nimekula, maana hiyo ni salamu, si ushahidi mahakamani. Lakini mtoto hakuwa akinisalimu. Aliuliza kweli, macho yamenikazia.

"Bado," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nasubiri jua lizame."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Huna njaa?"

"Ninayo! Na supu hii naipakua tangu asubuhi."

"Na hakuna anayekulazimisha kula?"

"Nani anilazimishe mimi?"

Mtoto alisogeza bakuli lake mpaka likagusa mkono wangu, akasema neno. Birgitte alisita kabla ya kulitafsiri.

"Anasema atakula ukila wewe."

Jesper alipoelezwa alishika kichwa. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa, na treni haimngoji mtu. Alizunguka meza, akasema kitu haraka haraka.

"Anakuomba ule kidogo tu," alisema Birgitte, macho chini. "Hata kipande kimoja."

"Kula, shemeji," Bai alidakia. "Funga ya sunna si kamba ya shingo. Mgeni ni mgeni."

Alisema kweli. Nilifundishwa kwamba mwenye funga ya hiari ana amri juu ya nafsi yake. Nikavitazama viwiko vya mtoto, vimetokeza kama vya kikongwe. Nikasema bismillahi, nikainua kipande cha mkate.

Signe alinidaka mkono. "Bado!"

Alilisema kwa lugha yetu, kwa sauti yangu mwenyewe, huku akionyesha dirisha.

"Lo," alisema Bai. "Shehe tumempata."

Jesper alitazama saa. Akamtazama mkewe. Kisha akavuta kiti, akaketi, akayavuta matofali yake akaanza kuyamega. Mguu wake ulitikisika chini ya meza hata vijiko vikalia. Mara mbili aliinuka kwenda kulitazama jua, kana kwamba angeweza kulisukuma. Mimi nami nikajiuliza. Je, likizama na mtoto akageuza uso? Nilimwomba Mungu kimya kimya, vidole vinachezea kitambaa cha meza.

Mwanga ukahama mapaani. Taa za uchochoroni zikawaka, wazee wakapita kuelekea msikitini. Bai akaleta mabakuli yanayofuka moshi. Nilikula tende, nikanywa maji, nikachota supu. Mtoto alinitazama koo mpaka nikameza.

Ndipo akachukua kijiko chake.

Alitafuna muda mrefu. Hakuna aliyethubutu kumwangalia. Birgitte aliukodolea macho ukuta, Jesper dari, safari hii bila kamera, na Bai aliukagua upawa wake kama mtu anayetaka kuununua. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli tena. Kisha tena.

Nilipokuwa nainuka kwenda kuswali, jirani yetu muuza maandazi ya tunda la persimoni alichungulia mlangoni.

"Mmekula?"

Birgitte alinitangulia kujibu.

"Tumekula."