Wenzake Wapata Uprofesa

Jumatatu saa mbili asubuhi mkemia alikuwa kwenye sinki la maabara, akisugua mirija ya kioo kwa brashi iliyokwisha kunyonyoka, Wenzake walipoingia na begi wakauliza ofisi yao iko wapi.

Hakushangaa. Kwa miaka mingi makala zake, kuhusu jinsi molekuli za maji zinavyong'ang'ania uso wa chuma, zilitoka na jina la profesa wake mbele na lake nyuma. Kila aliyezirejelea, wa karibu na wa ng'ambo, aliandika jina la profesa kisha "na wenzake". Kompyuta ya chuo ikadhani Wenzake ni jina la ukoo. Ikawahesabia marejeleo mpaka yakafika elfu nne, na mwenye marejeleo elfu nne hawezi kuendelea kutokuwepo. Ni aibu kwa chuo.

Ukiwatazama, Wenzake walikuwa mwanamume mmoja wa suti ya kijivu. Ukiwasalimia, waliitikia wengi. Juani walikuwa na vivuli vitatu, kimoja kikiwa cha mwanamke aliyeinamisha bega la kushoto, kama mkemia anavyofanya akichoka. Karani wa idara alichohoji ni kimoja tu: waandikiwe chai ya mtu mmoja au ya watatu? Baada ya mvutano akawaandikia kikombe kimoja na sukari ya watatu.

Shida ni kwamba mwaka ule nafasi ya uprofesa ilikuwa moja, na mkemia alikuwa ameingoja kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Kwa jina lake mwenyewe kompyuta ilimpa marejeleo kumi na moja, manane kati ya hayo akiwa amejirejelea mwenyewe.

Akaenda kwa profesa, ambaye sasa alikuwa mkuu wa idara. Ni mtu aliyeingia maabara kutafuta miwani tu, na pampu ya kunyonya hewa aliigusa mara ya mwisho siku iliponunuliwa, akapigwa picha nayo.

"Profesa, kazi ile niliifanya mimi," alisema mkemia. "Hao Wenzake ni mimi."

Profesa alilipima jambo hilo kwa haki kabisa. "Wenzake ni wengi, dada. Wewe ni mmoja. Sasa hapo mimi nifanyeje?"

Akaongeza kwamba chanda chema huvikwa pete. Mkemia akatazama vyake, vilivyobabuka kwa naitrojeni ya baridi kali, akaaga.

Kwenye usaili Wenzake waliulizwa utafiti wao unahusu nini. Wakajibu wote kwa pamoja, kila mmoja na lake, hata pasisikike neno. Kamati ikasifu upana wa fikra zao, ikawapa uprofesa kabla chai haijapoa.

Nyumbani dada yake alitaka kujua huyo Wenzake ni mtu wa wapi. Mkemia akamwambia ni mtu wa hapa hapa. Halafu akalia, sufuria mkononi, kilio cha hasira.

"Wangempa mtu mwingine nisingeumia hivi," alisema.

Dada yake akamnyang'anya sufuria, akaendelea kupika.

Wenzake hawakuwa watu wabaya, hilo lazima lisemwe. Walikuja maabara kila asubuhi, wakaomba kufundishwa pampu. Mkemia akawafundisha, maana angemkatalia nani? Wakati huo alikuwa akimalizia jaribio jipya, la namna molekuli zinavyouachia uso wa chuma, na lilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Profesa Wenzake waliisoma makala aliyoiandika, wakahamisha koma moja. Kwa desturi ya maabara ile, aliye mkubwa kwa cheo hutangulia, basi jina lao likakaa mbele na la mkemia likafuata nyuma.

Makala ikavuma. Haukupita mwaka, kila jarida la fani likawa linairejelea kwa heshima zote: Wenzake na wenzake.

Mkuu wa idara alitoka ofisini kwake mwenyewe, jambo la nadra, akaja na jarida mkononi kumpongeza mkemia.

"Umeona?" alisema, akimwonyesha mstari kwa kidole. "Ulikuwa unalalamika. Sasa wanakutaja mara mbili."

Mkemia akasema asante, akawasha pampu.