Vibano vya Upande Mmoja

Springi haikatiki gari likiingia shimoni. Hukatika likiruka kutoka. Nililisema hilo mpaka mate yakanikauka, na Bwana Thackray, mwenye karakana, ananitazama kama mlevi.

"Ambrose, baba yangu katengeneza magari ya farasi maisha yake yote. Springi ikikatika, unaongeza bamba. Basi!"

"Farasi hakimbii hivi, bwana! Gari likiruka, mabamba ya springi yaliyopangwa juu ya mwenzake yanaachana, la juu linabaki na mzigo wote. Tuyafunge pamoja kwa vibano vya chuma."

"Springi yenye bandeji? Wanunuzi watauliza inaumwa nini."

Jumamosi gari lingeteremka kilima cha Corley mbele ya wanunuzi na wapiga picha, na dereva alikuwa mdogo wangu, Redvers. Mama yetu hana mwingine ila sisi wawili. Nilimfuata Thackray uani, nikamfuata mpaka kwake akinywa chai, nikamsihi bila haya mbele ya mkewe. Mwishowe akauvuta mchoro wangu, akafuta nusu yake.

"Haya, umenichosha. Funga kulia tu. Wapiga picha watakuwa kushoto."

Jamani! Nikamkimbilia Redvers, nikamwambia akatae.

"Nikatae, halafu tule nini, kaka? Mawe?" Akacheka. "Dereva anakaa kulia. Upande wangu umefungwa. Mwonee huruma mzee Thackray, yeye ndiye atakaa kushoto."

Jumamosi mzee akaja ameshika kiuno.

"Mgongo umenikamata. Kaa wewe, Ambrose, bingwa wa springi."

Kumbe aliniamini siku zote! Nilitamani kumkaba koo pale pale. Lakini injini ilishawaka, Redvers keshashika usukani, na mimi sikuweza kumwacha ateremke peke yake.

"Polepole," nikamwomba. "Nakuomba, polepole."

"Wamekuja kuona mwendo, kaka."

Kwenye daraja dogo gari liliruka. Nilisikia mlio chini ya miguu yangu, mkavu, nikajua. Upande wa kushoto ukalala, ekseli ikarudi nyuma, gari likageuka ghafla kuelekea kushoto. Ule wa kulia ulishika imara, hakuna kibano kilichoachia. Gari likapindukia kulia. Mimi nilirushwa majanini, Redvers akabaki chini yake.

Tuliliinua kwa mikono, watu wanapiga kelele, mimi namwita tu. Hakuitika.

Jioni nilimkuta Mama jikoni, habari zimeshamfikia. Hakulia. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akitafuta nilipoumia. Sikuwa na hata mchubuko.

"Wewe ulikaa wapi?" akauliza.

"Upande mbovu, Mama."

"Upande mbovu," akasema. "Na mwanangu je, ulimweka wapi?"